Laini Aliyonisajilia Baba

Mwaka ule laini zote za simu ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilizimwa, na yangu ilikuwa mojawapo. Haukuwa uzembe. Mama yangu, Mungu amrehemu, alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, na kila nilipokwenda kuomba kitambulisho niliulizwa mama alivuka lini, alivukia wapi, na ni nani aliyemwona akivuka. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nasimamia wimbo wa taifa mbele ya wanafunzi, lakini namba ya kitambulisho sina. Mwishowe baba alitoka Kitaya, kijijini kwetu kando ya mto, akaja Mtwara mjini kuniwekea dole gumba lake.

Siku hiyo alisajili laini mbili, zote kwa jina lake. Moja ilikuwa ya simu yangu, kitochi cha vitufe kisichojua kitu zaidi ya kupiga, kupokea na kumulika. Ya pili ilikuwa ya modemu, kile kidude cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta ili upate intaneti. Baba alikishika, akakigeuzageuza, akauliza kinaongea vipi wakati hakina mdomo wala sikio. Nikamwambia hakiongei, baba, chenyewe kinaleta mtandao tu. Akasema haya, kama kinakusaidia kazi.

Kila laini ilikuja na kadi yake ya plastiki iliyoandikwa namba. Kadi ya simu nikaiweka mimi. Kadi ya modemu nikampa yeye, kwa sababu niliona haina kazi na yeye ndiye mwenye laini kisheria. Akaifunga kwenye kitambaa pamoja na kadi yake ya kupigia kura, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Tulikula ugali kwa samaki pale karibu na stendi, akanisimulia habari za mikorosho, nikampakia kwenye gari. Sikumbuki tena siku nyingine ambayo mimi na baba yangu tulikaa hivyo, tumeshiba na hatudaiani neno.

Kompyuta yangu ilikuwa ya mkono wa pili, na ilikuwa imejaa virusi kama nguo ya mtumba isiyofuliwa. Mwalimu mwenzangu wa fizikia alinihurumia, akaufuta mfumo wa zamani na kuniwekea Linux. Akanihakikishia kwamba huko virusi haviingii. Kweli havikuingia. Lakini mwezi uliofuata yeye mwenyewe alihamishiwa mkoa mwingine, nikabaki na mfumo ambao mtaani kwetu Mtawanya hakuna aliyewahi kuusikia. Fundi mmoja niliyempelekea aliitazama skrini, akanirudishia kompyuta kwa mikono miwili na kuniambia, "Mwalimu, hii ya kwako imeshakuwa ya wataalamu."

Nilikuwa nimejiandikisha kusoma shahada kwa masafa, na kazi zote za chuo zilitakiwa zitumwe kwa mtandao. Likizo ya Juni ilipoanza nikasema hapa hapa, sitoki ndani mpaka modemu hii iwake.

Juni ni mwezi wa kupulizia mikorosho. Ubwiri, ule ukungu mweupe, unashika maua, na usipopulizia salfa kwa wakati mwaka mzima unapotea. Tangu nikiwa mtoto, kazi ya kubeba mashine ya kupulizia mgongoni ilikuwa ya baba, na tangu nilipopata nguvu ikawa yangu. Mashine yenyewe ni nzito, inanguruma sikioni, na vumbi la salfa linaingia puani hata ukijifunga kitambaa. Baba alikuwa amekwisha kuvuka miaka sabini. Hakuniomba nije, kwa sababu hakukuwa na haja ya kuomba. Alipiga simu kuuliza nafika lini tu.

"Ubwiri umeshaanza," alisema.

"Kesho kutwa, baba."

Nilipochomeka modemu mara ya kwanza, kompyuta iliniambia imeona CD. Nikaichomoa, nikaifuta kwa shati, nikachomeka tena. CD. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Modemu za namna ile hujitambulisha kwanza kama sahani ya CD iliyobeba programu zake. Kompyuta za wenzetu huzisoma programu hizo, zinajiweka zenyewe, na modemu inageuka kuwa modemu. Linux hazikuifaa zile, kwa hiyo kidude kinabaki CD mpaka uwe na programu nyingine ndogo ya kukiamrisha kigeuke. Na programu hiyo ndogo iko wapi? Iko kwenye mtandao. Yaani ili upate intaneti, kwanza uwe na intaneti.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikatembea mpaka mjini, kwenye duka moja la intaneti lenye feni moja na kompyuta tano, nikaishusha ile programu kwenye flashi, nikarudi Mtawanya kwa miguu. Kompyuta ikakataa, ikasema programu hiyo inahitaji nyingine ya kuitegemea. Kesho yake nikarudi mjini kuichukua hiyo nyingine. Nayo ikataka ndugu yake. Niliifanya safari ile mara nne, nikiandika majina ya mafaili kwenye kiganja kama mtoto anayetumwa dukani.

Baba akapiga tena. Nikasema kesho kutwa. Nilikuwa nimeinamia dirisha jeusi la maandishi, naandika amri ambazo sikujua maana yake, nikichelea kukosea hata nukta. Kusema kweli nilikuwa na raha. Kitu kile kilikuwa kinanikatalia mimi peke yangu, na mimi peke yangu ndiye ningekishinda. Kule shambani kazi ni ya siku zote na haina mshindi. Najionea haya kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Katika safari ya nne yule mhudumu wa dukani, binti mpole aliyekwisha kunizoea, alinionyesha kwamba kwenye orodha yangu limebaki faili moja. Nikalisoma. Lilikuwa la kusomea ujumbe mfupi unaoingia kwenye laini ya modemu. Flashi yangu ilikuwa imejaa, na duka linakaribia kufungwa kwa sala ya Ijumaa. Nikamwambia liache hilo. "Nani atakayeiandikia modemu barua?" nilimwuliza, na tukacheka wote wawili.

Jioni ile niliichomeka, nikaandika amri ya kuigeuza, na safari hii kompyuta haikusema CD. Nikaipa namba ya kupiga, ile fupi yenye nyota na alama ya reli, nikajaza jina na nywila za uongo kwa sababu chochote kinakubalika, nikabonyeza. Taa ya kijani ilipepesa, ikapepesa, halafu ikawa ya bluu na ikatulia. Ukurasa wa chuo ukafunguka. Nilipiga kelele peke yangu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Siku ya kumi na mbili ya likizo ndipo nilipofika Kitaya.

Nilimkuta baba shambani, mashine mgongoni, uso umegeuka manjano kwa salfa. Safu za mbele zote alikuwa amezipulizia mwenyewe. Majirani wanne walikuwa wamekaa kivulini, wamekuja kumsaidia kwa zamu. Kukohoa kwake nilikusikia kabla sijamwona. Ningepaswa kwenda moja kwa moja kumtua ile mashine, lakini alinitangulia kwa maneno.

"Haya, bwana kompyuta kafika," aliwaambia wenzake. "Tulidhani mpaka korosho zianguke."

Watu wakacheka. Ulikuwa utani wa kawaida, wa aina ile ambayo kwetu mtu anacheka pamoja na wenzake na kuvua shati aanze kazi. Lakini nilikuwa nimetoka kushinda vita yangu, na nilitaka mtu mmoja anisifu. Badala yake nachekwa. Nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mikorosho yako hii haijanisomesha. Nimejisomesha mwenyewe."

Ulikuwa uongo, na kila mtu pale aliujua. Ada yangu ya kidato cha kwanza mpaka cha sita ilitoka kwenye miti ile ile. Jirani mmoja alitazama chini. Baba akavuta kamba ya kuwashia mashine, ikanguruma, akaenda safu inayofuata. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi mjini siku ile ile, na sikugusa hata tawi moja.

Kwetu, mtoto aliyemvunjia baba yake heshima hivyo haombi msamaha kwa simu. Anakwenda na mjomba. Mjomba anatanguliza maneno, baba anapewa maji kwenye kata, anapiga funda, anampulizia mtoto kifuani, na neno lile linakuwa limekwisha, halikumbushwi tena. Wajomba zangu wako ng'ambo, na ng'ambo kwenyewe siku zile watu walikuwa wanakimbia nyumba zao. Nikajiambia siwezi kwenda bila mjomba. Ilikuwa sababu nzuri sana, ya kimila kabisa, na niliishikilia kwa mikono miwili. Sababu yenyewe hasa ilikuwa kiburi. Nilitaka baba aniite kwanza. Nilikuwa nimejiwekea nadhiri: siku akiniita, hata kwa neno moja, nitakwenda, mjomba awepo asiwepo.

Dada yangu mkubwa, aliyerudi kwa baba baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa akinipigia simu mara kwa mara. Alinieleza habari za mvua, za mihogo, za watu waliovuka mto na vifurushi. Mwezi wa Julai aliniambia simu ya baba imeponyoka ikaingia majini akiwa kwenye mtumbwi pale kivukoni Kilambo, na ameshanunua nyingine, laini ameirudisha ile ile.

"Namba za watu zimepotea zote," alisema dada. "Anaanza upya."

"Ameuliza yangu?"

"Hajauliza."

Nikaona hilo kama jibu. Kama hakuuliza namba yangu, maana yake haitaki. Agosti dada aliniambia kifua cha baba kinasumbua. Septemba akasema wamempeleka zahanati, mganga amesema ni tatizo la siku nyingi, amepewa dawa. Kila mara niliuliza baba anasemaje kuhusu mimi, na kila mara dada alikaa kimya kidogo na kuniambia, "Hajasema kitu." Sasa najua kimya kile kilikuwa na nini ndani yake. Wakati ule nilikisikia kama mlango unaofungwa. Nikakata simu, nikachomeka modemu, nikaendelea kusoma.

Nilisoma sana miezi ile. Kila siku baada ya vipindi nilirudi chumbani, nikaichomeka modemu, nikangoja taa iwe ya bluu. Vifurushi vya intaneti nilivinunua kwa simu yangu na kuvirusha kwenye namba ya modemu, kwa hiyo ile laini haikutoka ndani ya kidude tangu siku ilipoingia. Kazi zangu za chuo zilikwenda kwa wakati. Nilipata alama nzuri.

Mwanzoni mwa Oktoba, asubuhi moja nikiwa darasani, dada alipiga. Kwa namna alivyolitaja jina langu nilijua. Niliomba ruhusa, nikachukua mkoba wangu kama ulivyokuwa, na adhuhuri nikawa Kitaya.

Tulimzika baada ya alasiri. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, kwa hiyo nilishuka kaburini pamoja na wazee wawili kumpokea. Nilimshika kiunoni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, na sanda ilinukia karafuu maiti. Nasema jambo hili hapa kwa sababu sijawahi kumwambia mtu: wakati namlaza ubavu wa kulia na kumwelekeza kibla, sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira. Nilimwambia moyoni, hata kuniita hukuniita. Umeona bora ufe kuliko kuniita. Mkoba wangu ulikuwa ndani kwenye chumba chake, na ndani ya mkoba kompyuta, na modemu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Jumamosi mchana, intaneti ilianza kujikongoja. Nilitaka kujua kifurushi kimebaki kiasi gani, na sikutaka kukisia. Sasa nilikuwa na mtandao wangu mwenyewe, kushusha programu hakukuwa tena safari ya mjini. Nikashusha moja yenye madirisha mazuri, inayoonyesha nguvu ya mawimbi, salio, na kila kitu kilichomo kwenye modemu. Ilijiweka kwa dakika tatu. Juu kulikuwa na vitufe vimejipanga, na kimoja kilikuwa na picha ya bahasha. Ilionyesha ujumbe ishirini na mbili ambao haujasomwa.

Nilibofya nikiwa na chai mkononi. Kumi na tatu ulikuwa matangazo ya vifurushi. Tisa ulitoka kwenye namba moja, na namba ile niliijua kabla macho hayajafika mwisho wake.

Baba alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, na aliandika kwa herufi kubwa tupu, bila nukta, kama anavyotamka. Wa kwanza ulikuwa wa Julai. MWANANGU NI MIMI BABA YAKO SIMU ILE IMEINGIA MTONI NAMBA YAKO NIMEITOA KWENYE ILE KADI. Wa pili ulikuja siku tatu baadaye. NIMEPIGA HUPATIKANI UKIPATA NAFASI PIGA WEWE. Halafu, NKOROSHO WA MAMA YAKO UMETOA MAUA KUPITA YOTE UNGEKUJA UONE.

Chai niliiweka chini. Nilielewa yote kwa mara moja, na bado nikaendelea kusoma kana kwamba mbele kuna kitu kitakachobadilisha. Alipoteza namba zote, na hakutaka kumwuliza dada, kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba anamtafuta mtoto aliyemtukana mbele za watu. Akakumbuka kadi aliyoifunga kwenye kitambaa. Modemu haiiti. Ukiipigia, sauti ya yule mwanamke wa mtandao inakwambia mteja hapatikani. Lakini ujumbe inaupokea, na mimi ndiye niliyekataa kubeba faili la kuusomea.

Wa Agosti ulisema, LILE NENO ULILOSEMA SHAMBANI MIMI NIMESHALISAHAU NA WEWE LISAHAU NJOO TU USINGOJE MJOMBA. Ule niliusoma mara nyingi kuliko yote. Wa baada yake ulisema, NAUMWA KIFUA SI SANA. Wa saba, LETA NA NGUO ZA KULALA. Alidhani nitakaa siku kadhaa.

Wa nane ulikuwa wa mwisho wa Septemba. NIMEAMBIWA ZOTE ZINAKUFIKA.

Wa tisa ulikuja siku tano kabla hajafa, na ulisema, SAWA.

Nilikaa pale mpaka jua likahama dirishani. Nililia, ndiyo, ila si kama watu wanavyolia msibani, ambako kuna wenzako wa kukushika. Halafu ikaja akili ya mwoga. Ule wa nane ulinionyesha kwamba kuna mtu aliyemwambia zinafika, na katika nyumba ile mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu. Nikaanza kufikiri namna ya kumweleza dada. Nilijiambia ni haki yake kujua. Nilijiambia baba atakuwa amemlalamikia, na dada ananiona mimi ni shetani, na itakuwa nafuu kwake akijua kwamba sikumdharau baba. Niliifikiria nafuu yake kwa muda mrefu na kwa bidii. Nafuu yangu sikuitaja.

Nikaenda na ile kompyuta kwenye arobaini ya baba.

Kitaya palikuwa na watu wengi. Wanawake walikuwa wanapika wali uani, na mwalimu wa madrasa alikuwa bado hajafika kwa ajili ya kisomo. Nilimwita dada chumbani kwa baba, nikafunga mlango, nikaiweka kompyuta juu ya kitanda. Yeye ananizidi miaka tisa. Ndiye aliyenifundisha kuoga mtoni na ndiye aliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Alikaa, mikono bado ina unyevu wa kuosha mchele, akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Hizi ni za baba," alisema.

"Ni za baba. Sikuzipata, dada. Nimeziona juzi juzi tu, yeye keshazikwa."

"Hukuzipata vipi wakati ziko hapa?"

Nikamwonyesha modemu. Nikamweleza habari ya laini mbili na kadi mbili, na kwamba kidude kile kilikuwa kinapokea ujumbe na kuukalia, bila mlio wowote wala mwanga, na kompyuta yangu haikuwa na programu ya kunionyesha. Nilieleza vizuri, mimi ni mwalimu. Nilipomaliza nilimtazama, nikingoja uso wake ulainike.

"Hapa chini simu inakamata mtandao wa Msumbiji," alisema taratibu, kama hakunisikia. "Kwa hiyo alikuwa anapanda kile kichuguu nyuma ya choo ili apate wa kwetu. Na kifua kile. Nilimkataza. Akishatuma anakaa huko huko juu, simu mkononi, anangoja. Siku nyingine inalia baada ya dakika moja. Siku nyingine mpaka saa kumi, saa kumi na moja."

Saa kumi, saa kumi na moja ndiyo saa niliyokuwa nikirudi kutoka shuleni na kuichomeka modemu.

"Ikilia anashuka, anakuja jikoni," dada akaendelea. "Inakuja taarifa ya neno moja la Kizungu. Ananiuliza, mama, linasemaje hili? Namwambia, baba, linasema mwenzako amepata. Nilijua ni wewe. Nilifurahi, mdogo wangu. Nikasema nisiwaingilie, baba na mwanawe wanasemezana. Na wewe ukiuliza baba anasemaje, nikaona unataka kunificha mnavyoandikiana, nikakuitikia hivyo hivyo."

"Si kosa lako, dada."

"Ngoja. Mara ya mwisho kuniuliza hakuwa ametuma kitu. Alikuja tu akakaa pale kwenye kinu, akaniuliza, 'Una hakika neno lile linasema amepata?' Nikamwambia nina hakika." Aligusa skrini kwa kidole, pale penye ule wa nane, akaacha alama ya maji. "Nikamwambia, baba, amezipata zote, simu haisemi uongo."

Nje mtu aliita kwamba mwalimu amefika. Nikarudia kwamba si kosa lake, kwamba hakuna ambaye angejua, kwamba hata mafundi wa mjini hawakujua. Nilisikia sauti yangu inavyokwenda mbio. Dada alinyanyuka, akajifunga kanga upya, akafuta macho kwa upindo wake.

"Siku zote arobaini nilikuwa nakulaumu wewe," alisema. "Nikimaliza kusali nakulaumu. Ilikuwa inanisaidia kulala. Ungeniacha hivyo hivyo."

Akafungua mlango akaenda kupakua wali wa wageni.